Daftari Lililowekwa Ng'ambo ya Korongo

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama watu wa kawaida, Asnath alinigombeza kwa ajili ya kuku. Nilisahau kufunga banda. Kuku wawili waliingia jikoni wakamwaga unga wa uwele.

"Baba Nathan, hawa kuku umewaalika wewe?"

"Wamekuja kukusalimia."

"Basi waambie shikamoo yao imefika. Watoke."

Alikunywa uji amesimama. Ndivyo alivyokunywa uji miaka yote arobaini na mitatu ya ndoa yetu, kikombe mkono wa kushoto, mkono wa kulia unafanya jambo lingine. Siku hiyo mkono wa kulia ulishika simu ya kazi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Alisema simu haimfungulii majina ya wajawazito, inazunguka tu. Nikamwambia aizime halafu aiwashe. Alicheka sana, kwa sababu mimi simu ile hata kuiwasha sikujua.

Asubuhi yenyewe ni hiyo. Ningejua, ningemwomba aketi.

Asnath alizaliwa Iramba. Nilimwoa nikamleta hapa Kinyangiri. Yeye alimaliza darasa la saba. Mimi sikwenda shule, nilikuwa machungani. Herufi nilizijua ukubwani, yeye akinichorea kwa kijiti kwenye vumbi la uwanja wetu. Nikikosea alikuwa anasema, "Ng'ombe wako unawajua mmoja mmoja, herufi ishirini na nne tu zinakushinda?"

Tulipata watoto wanne. Wa tatu hakulia. Siku ile zahanati haikuwepo hapa, na Asnath alitoka damu tangu jogoo mpaka jua kuzama. Waliomhudumia hawakujua kwamba uzazi wa pili pia alitoka damu hivyo hivyo, na yeye hakuweza kusema. Mkunga aliyemzalisha wa pili alikuwa amekufa, na alikufa na habari zake. Asnath alipopona alisema jambo moja: habari ya mwanamke isikae kichwani mwa mtu mmoja.

Akawa mhudumu wa afya wa jamii. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na mbili. Kila mjamzito wa kijiji alikuwa na ukurasa wake. Aliandika tarehe, uzito, damu. Aliandika na mambo ambayo serikali haikumwomba. "Huyu anaogopa sindano, mshike mkono." "Mume yuko Itigi, mpigie shemeji." "Anasema amekula, hajala." Madaftari yalifika kumi na moja. Tuliyaweka kwenye sanduku la bati, juu ya mawe, kwa sababu ya mchwa.

Halafu likaja shirika. Jina lake silitaji. Walitaka habari zote za akina mama ziingie kwenye simu, na kutoka kwenye simu ziende kukaa mahali pamoja. Mahali hapo wenyewe wanapaita kanzidata. Kijana wao, Sixbert, mtaalamu wa kompyuta kutoka Singida Mjini, alikuja kufanya mkutano ofisi ya kijiji. Alikuwa ameagizwa awaulize wahudumu kabla ya kuamua, maana siri ni za watu wao. Mimi nilikaa dirishani. Nilimsindikiza mke wangu, nikabaki kusikiliza.

Sixbert alionyesha ramani. Alisema habari haziwezi kukaa hewani, lazima zikae kwenye mashine, na mashine lazima iwe ndani ya nyumba, na nyumba lazima iwe katika nchi fulani. Kulikuwa na nyumba za namna hiyo Ulaya. Kulikuwa na nyingine Afrika Kusini. Kulikuwa na nyingine Dar es Salaam. Wao walikuwa wanaelekea kuchagua Ulaya. Alisema nyumba za kule ni kubwa, zina walinzi, zina umeme wa akiba, na zimejaribiwa miaka mingi.

Asnath akanyoosha mkono.

"Mwanangu Sixbert, nikitaka ukurasa wa mwanamke wa hapa, tuseme Emiliana, unatoka huko mpaka hapa kwa muda gani?"

"Kufumba na kufumbua, mama."

"Unapita njia gani?"

"Kuna nyaya chini ya bahari."

"Na nyumba ikiungua?"

Sixbert akatabasamu. Swali hilo alikuwa amejiandaa nalo. "Tutaweka nakala nyumba ya pili, mji mwingine kabisa. Moja ikiungua, nyingine ipo."

"Na hiyo nyumba ya pili, habari zake zinapita njia gani kuja hapa?"

"Nyaya hizo hizo, mama. Lakini ziko zaidi ya moja."

"Zote za baharini?"

"Zote za baharini."

Asnath akaketi. Akasema, "Nyumba mbili, kisima kimoja."

Watu wakacheka. Sixbert naye akacheka, si kwa ubaya. Alisema, "Mama, ungesoma ungenipokonya kazi."

"Ningesoma ningekuajiri," Asnath akamjibu, na ofisi yote ikaangua kicheko.

Sisi tuliokaa karibu na dirisha, wafugaji, hatukucheka sana. Tulielewa. Kwetu mtu hafungi ng'ombe wote zizi moja. Unao kumi, unabaki na wanne, sita unaweka kwa marafiki vijiji vingine. Rafiki anakunywa maziwa, ndama ni wako. Ugonjwa ukiingia kwako, au ukame, mbegu inabaki kwingine. Lakini kuna sharti. Zizi la rafiki lisinywe maji mnayokunywa ninyi. Baba yangu aliliacha sharti hilo. Aliweka ng'ombe kwa watu wawili, na wote wawili walikaa bonde letu, kwa sababu alipenda kuwaona ng'ombe wake jioni akirudi. Kimeta kilipoingia bonde lile, ng'ombe wa mazizi yote matatu walikufa katika mwezi mmoja. Nilikuwa mtoto. Nilimwona baba yangu amekaa chini mchana, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Kwa hiyo Asnath aliposema neno la kisima, nilijua amelitoa wapi. Alilitoa kwangu.

Shirika likachagua Ulaya. Majina yote yakaingizwa, kazi ya miezi minne. Mwisho wakasema madaftari yachomwe, yasije yakaokotwa na mtu siri za wanawake zikatembea. Hilo Asnath alikubali kwamba ni haki. Aliyachoma mwenyewe nyuma ya ofisi. Aliyachana kurasa kwanza ili yaungue vizuri. Aliporudi nyumbani mikono ilinuka moshi.

Kesho yake akamwendea Sixbert. Akamwomba ruhusa ya daftari moja tu, la wanawake wenye hatari. Walikuwa kumi na tisa. Sixbert akakuna kichwa.

"Mama, hilo mimi sijalisikia."

"Hujalisikia kwa maana ya hapana?"

"Sijalisikia kwa maana ya kwamba sijalisikia. Likae mbali na macho ya watu."

Akaliandika jipya, akinakili kutoka kwenye simu. Sasa likawa suala la wapi likae. Nyumbani kwetu hapakufaa, mchwa walikuwa wameshapanda mpaka kwenye sanduku, na ukuta wa jikoni ulianguka mvua ya mwaka ule. Yeye alitaka kwa Elina, jirani yetu, mwanamke mtulivu, mlango wake unauona ukiwa kwetu.

Mimi nikakataa.

Nilimwambia, "Kwa Elina ni kwetu tu. Moto ukiwaka na upepo huu, zinakwenda nyumba zote mbili. Mchwa wake ndio wetu."

"Basi wapi?"

"Kwa Idrissa."

Idrissa ni rafiki yangu wa ujanani. Anakaa ng'ambo ya korongo, nusu saa kwa pikipiki. Ng'ombe wangu watatu wako kwake mpaka leo. Nyumba yake ni ya tofali za kuchoma na bati jipya, na ni Mwislamu mwaminifu, kitu cha mtu hakigusi. Kwa Idrissa hatukuchangia maji, wala upepo, wala mchwa. Nilijiona nimechagua vizuri kuliko shirika.

Asnath aliniangalia. Alifungua mdomo, akaufunga. Halafu akasema, "Haya." Tulikwenda wote kulipeleka. Ilikuwa mwezi wa nane. Korongo lilikuwa mchanga mtupu, tulilivuka tunaongea.

Sasa narudi siku ile ya kuku.

Alipomaliza uji alikwenda zahanati. Nesi Eliza alikuwa mgeni pale, ana miezi miwili. Emiliana alikuwa ameletwa alfajiri. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na kifafa cha mimba kilikuwa kimemshika mara moja. Alilala macho wazi bila kusema. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa kutoka Nduguti, na lilikuwa kwenye matope. Nesi alikuwa na dawa mbili za kuzuia degedege lisirudi. Lakini Asnath alikuwa anakumbuka kwamba uzazi wa kwanza Emiliana alijifungulia mbali, kwa mume wake, akadungwa sindano fulani, koo likavimba nusura afe. Kadi ya kule ilipotea baada ya wao kuhamia hapa. Kabla haijapotea, Asnath alinakili jina la dawa kwenye daftari.

"Ni ipi kati ya hizi?" Nesi aliuliza.

"Mwanangu, ukurasa ninauona. Ninaona na pale wino ulipodondoka. Jina silioni."

Simu ikajaribiwa, ya Asnath na ya nesi. Zote zilizunguka. Wakampigia Sixbert, kwa sauti wakampata. Akasema mtandao umekatika karibu nchi nzima, habari zipo salama ila hazifikiki. Wakampigia Idrissa. Simu yake ilikuwa imezima. Siku tatu bila jua, sola haikuchaji kitu.

Asnath alipita nyumbani kuchukua mfuko wa nailoni. Nilikuwa natengeneza mpini wa jembe. Aliniambia kwa ufupi kama ninavyoandika hapa. Nikasema niende mimi.

"Utasoma upesi ukifika, ujue ndilo?"

Nilisema tu, "Korongo."

"Noel amepita asubuhi, maji ni ya magotini."

Noel ni dereva wa bodaboda, baba wa watoto wawili, si mtu wa papara. Walikwenda. Mengine alinisimulia Noel.

Kwenda walivuka salama. Daftari lilikuwa mahali pake, juu ya kabati, limefunikwa kitambaa. Mke wa Idrissa alitaka wanywe chai, Asnath akakataa. Alifungua ukurasa akasoma jina la dawa kwa sauti mara tatu, akamwambia Noel naye alirudie, ili hata daftari likipotea, jina libaki na watu wawili. Njiani walikuwa wanaliimba kama watoto wa shule. Noel aliniambia hivyo huku analia.

Waliporudi korongoni maji yalikuwa yameshuka kutoka juu. Hayakuwa tena ya magotini. Noel akasema wangoje. Asnath akauliza wangoje mpaka lini. Noel akasema korongo lile likijaa hivyo mtu hungoja mpaka kesho.

"Emiliana atangoja mpaka kesho?"

Wakaacha pikipiki. Walishikana mikono, Noel upande wa juu kuyakata maji, daftari limefungwa kifuani mwa Asnath kwa khanga. Katikati jiwe liligeuka chini ya mguu wa Asnath. Alizama. Noel hakumwachia, lakini maji yalimgonga kwenye mwamba ubavuni, akameza maji mengi. Walitokea upande wetu chini sana ya pale walipoingilia.

Alitembea kwa miguu yake mpaka zahanati. Nesi akafungua nailoni. Daftari lilikuwa kavu. Dawa aliyoshika mkononi, tayari kuitumia kama wangechelewa zaidi, ndiyo iliyokuwa imeandikwa pale. Akaiweka chini akachukua ile nyingine. Gari lilifika baada ya adhuhuri. Emiliana alijifungua Nduguti, mtoto wa kike, mdogo sana, mzima.

Asnath alirudi nyumbani akiwa anashika ubavu. Nilimchemshia maji. Alisema ni kuchoka. Siku ya pili akawa anakohoa, pumzi fupi. Siku ya tatu Noel na mimi tukampeleka hospitali Singida Mjini. Walisema mbavu mbili zimevunjika na mapafu yamejaa maji. Siku ya tano, Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, alikufa. Nilikuwa nimetoka kuchota maji ya kumnawisha. Niliporudi, nesi alikuwa anavuta shuka.

Tulimzika Kinyangiri, karibu na yule wa tatu. Watu walijaa mpaka barabarani. Wanawake wale kumi na tisa walikuja, isipokuwa Emiliana aliyekuwa bado kitandani. Kila mmoja alinipa mkono akanitajia jina lake, kama vile mimi ndiye nabaki na daftari.

Sixbert alikuja siku ya kuondoa matanga. Alinisalimu shikamoo, akaketi kwenye mkeka, hakutaka kiti. Halafu akasema nyaya mbili za baharini ziliharibika siku moja. Zile nyumba za Ulaya zote mbili zilikuwa salama, taa zinawaka. Mtandao ulirudi siku ya tatu.

"Hakuna hata jina moja lililopotea, mzee."

"Hata moja?"

"Hata moja." Akainama. "Na mimi nilimcheka."

Nilimwambia asilie, watu wanaangalia. Nilimwambia na jambo ambalo sikumwambia mtu. Kwamba yeye alicheka, lakini mimi nilichagua. Daftari lingekuwa kwa Elina, Asnath angelifuata na kikombe cha uji mkononi. Nilichagua kama ninavyochagua mahali pa ng'ombe. Ng'ombe walioko kwa rafiki unawafuata kiangazi, baada ya mavuno, kwa siku unayoipenda wewe. Korongo wakati huo ni barabara. Maisha yangu yote sijawahi kumfuata ng'ombe kwa Idrissa masika. Haikunijia kwamba daftari halina kiangazi.

Sixbert akasema shirika linahamisha habari. Zitakaa ndani ya nchi, na nakala itakaa ndani ya simu ya kila zahanati, ifunguke hata bila mtandao. Akasema wamemtuma aniulize kama nina neno, kwa heshima ya mama.

Nikamwambia mimi si wa kuulizwa mahali pa kuweka kitu. Tangu siku ile hata jembe ninalishika mkononi muda mrefu, sijui niliweke wapi. Nikamwambia nitampa neno lake yeye mwenyewe, Asnath, sitaongeza.

Ilikuwa Ijumaa hospitalini, mchana. Pumzi yake ilikuwa inakuja kwa mafungu. Nilikuwa nimekaa na kosa langu siku tatu, likanishinda kulishika. Nikamwambia, "Mama Nathan, kwa Idrissa nilichagua mimi." Nikamuuliza kwa nini siku ile alifungua mdomo akaufunga.

Alisema alitaka kunikumbusha masika. Lakini aliniona nimefurahi, nimepata mahali pazuri, na mchanga ulikuwa mkavu, naye akajisahau akaamini mchanga.

Nikasema nisamehe. Akafumba macho. Nilidhani amelala. Halafu akasema, na haya ndiyo maneno yake:

"Siku ya kuweka, Baba Nathan, kila mahali ni pazuri. Ungeuliza habari ya siku ya kufuata, na mimi ningeuliza, hatukuuliza wote wawili. Sasa nenda ukale, macho yamekuingia ndani kama mbuzi wa kiangazi."